Datsun 240Z, mapacha na gereji ya nyumbani: nishushe kila kitu au nitengeneze kidogo kidogo?

BabaPacha:
Wakuu salaam. Nina Datsun 240Z ya 1972, mjomba kaniachia, imelala bandani hapa Arusha miaka na miaka mpaka kuku wakahamia ndani. Injini L24 ipo na kabureta zake mbili za Hitachi, ila bodi ndo kasheshe, kutu tupu. Nataka niitengeneze mwenyewe ila nikitoka kazini giza linaingia, mapacha wako chekechea, waifu ana duka, jumapili kanisani halafu wageni. Fundi mmoja anasema nishushe kila kitu libaki ganda tupu, mwingine anasema niiwashe kwanza. Nani yuko sahihi? Halafu waifu anataka lile banda aweke magunia, anauliza hilo dude linatoka lini.

FundiMstaafu:
Mkuu usishushe kila kitu, kwa muda ulionao ukishalibakisha ganda ndo basi tena, nimeona magari ya hivyo yanauzwa kwenye maboksi. Na hiyo gari haina chasisi ya pembeni, bodi yenyewe ndo chasisi, ukikata sakafu zote mbili kwa pamoja bodi inapinda na milango haifungi tena. Chomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, kata upande mmoja, maliza, ndo uhamie wa pili. Anza na pale betri inapokaa, asidi huwa inachuruzika inakula chuma cha chini yake, chukua bisibisi gonga, ikizama hapo ndo pa kuanzia, rangi sahau kwanza.
Injini usipige stata hivihivi! Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, acha ilale, kesho yake zungusha kwa mkono na spana kwenye puli ya mbele. Tangi lishushe lioshwe, petroli ya zamani imeshakuwa gundi.

Mkenya_Z:
Usiuze hata wakikubembeleza. Dereva Edgar Herrmann alishinda Safari Rally na 240Z mwaka 1971, Shekhar Mehta akachukua 1973, hii ni historia yetu sisi wote. Spea za injini si ngumu sana, injini ya L28 iliyokuwa kwenye Nissan Cedric na Nissan Patrol za petroli ni ndugu yake, vitu vingi vinaingiliana. Ila gasketi ya hedi pima kwanza, upana wa silinda ya L28 ni milimita 86, yako ni 83. Vioo, raba na taa ndo vitakutoa jasho, hivyo anza kuagiza mapema.

MamaDee:
Naongea kama mke wa mtu mwenye ugonjwa huo huo, wa kwangu ana MGB, gari la zamani la Mwingereza 😂 Kaka, shemeji yetu hana ugomvi na gari, anachotaka ni kujua siku zako na hela inatoka wapi. Sisi tulikubaliana jioni zake zinajulikana, hela ya gari haichanganywi na ada, na kabureta haiji kwenye meza ya kulia chakula, full stop. Mpe nusu ya banda leo leo, usisubiri aombe tena. Mapacha wape kazi ya kupanga nati kwenye makopo ya Blue Band, bandika jina kila kopo, ila ukiwa unachomelea au gari iko juu ya jeki wasisogee kabisa.

BabaPacha:
Asanteni sana. Bisibisi imezama mpaka mpini 😭 magunia yameshaingia upande wa pili wa banda. Naanza na sakafu ya dereva. Swali la mwisho, mjomba alikuwa analalamika moshi unaingia ndani ukiendesha, ni ekzosi imetoboka?

FundiMstaafu:
Kagua ekzosi ndio, ila kwa Z mara nyingi ni raba ya mlango wa nyuma, ikishakauka moshi unavutwa kuingia ndani. Raba za taa za nyuma nazo badilisha. Na usimbebe mtoto humo kabla hujamaliza hiyo kazi.