Ushauri: niielezeje timu ya West Point ya 1944 redioni?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naandaa kipindi cha historia ya michezo kwenye redio ya jamii. Safari hii nimechagua futiboli ya Kimarekani, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, msimu wa 1944.

Vijana wa kocha Earl Blaik walicheza mechi 9, wakashinda zote. Pointi 504 za kufunga, 35 za kufungwa. Chuo cha Villanova walipigwa 83-0. Chuo cha Notre Dame, ambao West Point hawakuwa wamewashinda tangu 1931, walilala 59-0 pale Yankee Stadium.

Mwenzangu studioni anasema huo ni ushindi wa chee: vijana wa vyuo vingine walikuwa kwenye Vita Kuu ya Pili, West Point wakabaki kuonea watoto. Anataka nilitaje hilo kabla ya yote. Timu hii naipenda kwa dhati na sitaki ionekane ya kubahatisha. Nifanyeje?

Mzee wa Takwimu: Mwenzako ana hoja, usimpuuze. Doc Blanchard mwenyewe, nyota wa timu hiyo, alianzia Chuo Kikuu cha North Carolina, akaingia jeshini, ndipo akatua West Point 1944. Vita ilivipora vyuo vingine, ikavineemesha vya kijeshi. Liseme mapema kwa sentensi mbili, usonge mbele. Msikilizaji akija kulijua kwa mtu mwingine hatakuamini tena.

Binti Pangani: Aliseme, sawa, ila asianzie hapo. Kipimo ni wanamaji wa Annapolis, chuo cha kijeshi cha jeshi la majini. Nao vita iliwaneemesha vilevile, na walikuwa wameifunga West Point miaka 5 mfululizo, 1939 hadi 1943. Katika mechi zote hizo West Point walipata pointi 6 tu! Walipokutana Baltimore tarehe 2 Desemba 1944, walikuwa namba 1 na namba 2 nchi nzima. Nani mtoto hapo? Robo ya tatu wanamaji wakasogea, West Point wakibaki mbele 9-7 tu, watu roho juu. Blanchard akapewa mpira, akapewa tena, akapewa tena, anapasua katikati mpaka akavuka mstari. Kisha mwenzake Glenn Davis akachomoka yadi kama 50. Mwisho 23-7. Mdogo wangu, fungulia kipindi hapo.

Mlinzi wa Zamu: Naungana na dada. Na vita iingize yote. Mwaka 1942 mechi ilichezwa Annapolis, tiketi kwa wakazi wa maili 10 tu, kadeti wa West Point wakazuiwa kusafiri. Basi baadhi ya wanafunzi wa wanamaji wakapangiwa kuwashangilia wapinzani wao! 1944 mwenye kutaka tiketi alinunua kwanza hatifungani za vita, yaani kuikopesha serikali fedha za vita, zikapatikana zaidi ya dola milioni 58. Jenerali MacArthur, kamanda wa Marekani vitani, naye akatuma simu ya maandishi kutoka Pasifiki, kwamba wamesimamisha vita kusherehekea ushindi ule. Ukiiondoa vita, unabaki unasoma matokeo tu.

Mtoa mada: Asanteni sana. Nafungua na ile 9-7. Hoja ya mwenzangu naiweka nikifika kwenye 83-0, na nitamwomba aisome yeye. Swali la mwisho: tachidauni naielezaje kwa asiyewahi kuona mchezo huu?

Mzee wa Takwimu: Mchezaji kauvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani, pointi 6. Inatosha.