Wanaelewa Kiswahili, wanajibu Kiingereza

Swali: Katika familia nyingi za Kikongo huku Marekani, kifungua mimba huongea Kiswahili vizuri, wadogo zake wanaelewa tu. Kwa nini? Na mwenye miaka 19 bado anaweza kurekebisha?

Jibu: Wakubwa ndio huleta Kiingereza cha shule nyumbani, wadogo wanakua nacho. Mkubwa aongee nao Kiswahili. Wakijibu kwa Kiingereza, rudia jibu lao kwa Kiswahili, kisha endelea na maongezi. Lafudhi msiicheke! Kijana akichekwa mbele ya wageni hunyamaza kabisa.

Jibu: Hajachelewa, ndugu. Masikio anayo, amekosa mazoezi ya kusema. Apewe kazi inayomlazimu aongee: matangazo kanisani, ujumbe wa sauti kwa bibi aliyeko Uvira, Kongo. Kusoma na kuandika kunahitaji kufundishwa kivyake.