Udahili wa uzamili Uingereza: nisogeze hadi Januari 2027, Septemba 2027, au niachie kabisa?

Kipepeo_Mbeya
Wakuu habari za jioni. Nina ofa ya uzamili Uingereza, masomo yanaanza Septemba mwaka huu wa 2026. Hela haijakaa sawa. Chuo kinasema naweza kusogeza hadi Januari 2027 au Septemba 2027. Kuna jamaa ananiambia niachane nayo niombe Ujerumani. Kipi bora? Wanataka jibu ndani ya wiki hii.

faili_kamili
Mkuu, hapo umeuliza bei ya kiwanja bila kusema kiko wapi. Ofa ina masharti au haina? Amana ya ada umelipa, na ya kiasi gani? CAS (uthibitisho wa udahili ambao chuo hukupa ili uombee viza) imetoka? Viza umeomba? Kozi gani, London au nje ya London? Fedha ziko kwenye akaunti ya nani? Kama CAS bado, unasogeza kwa barua pepe moja. Kama viza imeshatoka, hayo ni mambo mengine kabisa.

Otieno_Mlolongo
Januari, bila kufikiria sana. Januari 2027 bado iko ndani ya mwaka wa masomo 2026/27, kwa hiyo vyuo vingi vinakuachia ada ileile ya ofa yako. Ukienda Septemba 2027 unalipa ada ya mwaka mpya, na mara nyingi hupanda. Pia ukichelewa unapoteza miezi sita ya viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo.

binti_Pangani
Otieno, hilo la miezi sita halimhusu. Viza hiyo ya baada ya masomo, inayoitwa Graduate, ni miezi 18 badala ya miaka 2 kwa maombi yatakayopelekwa kuanzia tarehe 1 Januari 2027. Hata akianza Septemba hii atamaliza mwishoni mwa 2027, kwa hiyo njia zote anaangukia miezi 18. Waliotakiwa kukimbizana na tarehe hiyo ni walioanza 2025.

Mimi kura yangu Septemba 2027. Januari ina hasara zisizoandikwa kwenye barua ya ofa. Bursari za ndani za vyuo nyingi zimetengwa kwa wanaoanza Septemba, na Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) haimlipii mtu kozi ya Januari, ni zinazoanza vuli ya huko tu, yaani kuanzia Septemba. Dirisha la Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Anayesogeza hadi Septemba 2027 anaomba mwaka huu, ofa ikiwa tayari mkononi. Awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, yaani saa 2,800, na akubali kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ila ajue kwamba chuo kinaweza kumsogezea udahili, lakini Chevening yenyewe haisogezwi. Ukiipata, unakwenda mwaka huohuo au imekwenda.

Kipepeo_Mbeya
Samahani wakuu. Ofa haina masharti, nimelipa amana £2,000, CAS bado. Uhandisi wa umeme, nje ya London. Ada £22,000. Hela ni ya mjomba wangu yuko Muscat, amesema ataonyesha akaunti yake.

faili_kamili
Sasa tunaongea. Na hapo kwa mjomba ndipo pa kusimama kwanza, kabla hata ya Januari au Septemba.

Fedha za viza ya mwanafunzi zinakubaliwa zikiwa kwenye akaunti yako, ya mwenza wako, ya mzazi, au ya mlezi wa kisheria. Mjomba hayumo. Hata akiandika barua ya kurasa tatu, aambatishe mkataba wa kazi na kitambulisho cha mkaazi wa Oman, ombi linakataliwa. Ya mzazi inakwenda na cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Njia ya mjomba ni moja: ahamishe hela iingie kwenye akaunti yako, halafu ikae.

Hesabu yako: ada £22,000 kutoa amana £2,000, ili mradi amana hiyo imeandikwa kwenye CAS (ikisahaulika, utahitaji risiti ya chuo). Inabaki £20,000. Ongeza ya kujikimu nje ya London, £1,171 kwa mwezi mara miezi 9, ni £10,539. Jumla £30,539. London ingekuwa £1,529 kwa mwezi.

Kiasi hicho kikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini hata siku moja. Siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya siku unayolipia ombi la viza. Akaunti ya shilingi inabadilishwa kwa kiwango cha OANDA (tovuti ya viwango vya fedha) cha siku ya ombi, si kiwango cha benki yako. Shilingi ikiyumba kidogo siku hiyo na umeweka kiasi kilekile kamili, umepungukiwa. Weka ziada.

Otieno_Mlolongo
Kuna watu wanaomba bila kuambatisha stetimenti na wanapita.

faili_kamili
Hao ni wa nchi zilizo kwenye orodha ya kusamehewa. Tanzania na Kenya hazimo. Na hata waliomo wanaweza kuulizwa.

forodhani_kwetu
Naunga mkono swali la CAS kuulizwa mapema. Niwape kesi, chuo sikitaji. Kijana wa uhasibu alipata CAS mwezi wa sita, viza ikatoka mwezi wa saba. Katikati ya Agosti mambo ya nyumbani yakaharibika, akaomba kusogeza hadi Januari. Ofisi ya udahili ikamjibu kwa mistari miwili: imekubaliwa, ofa mpya hiyo hapo. Akatulia akijua viza anayo, kwani ni miezi minne tu.

Alichokuwa hajui ni kwamba chuo kinalazimika kuripoti UKVI, idara ya viza ya Uingereza, kila mwenye viza yao asiyejiandikisha. Kikaripoti, viza ikafutwa. Siku hizi hakuna stika kwenye pasipoti, ni viza ya mtandaoni, kwa hiyo usipofungua akaunti yako ya UKVI huoni kitu. Akagundua Novemba.

Ikabidi aanze upya: CAS mpya, maana ya kwanza ilishatumika na kila CAS hutumika kwa ombi moja tu. Ada ya viza tena. Tozo ya afya tena. Tozo hiyo ni £776 kwa mwaka, na viza ya kozi ya miezi 12 huwa ya kama miezi 16 au 17, kwa hiyo unatozwa mwaka na nusu, £1,164. Ile ya kwanza hairudi, kwa sababu viza ilitolewa na yeye ndiye hakwenda. Cheti cha kifua kikuu kilidumu miezi sita, kikawa kimekwisha, akapima tena. Stetimenti imeshazeeka, siku 28 zikaanza kuhesabiwa upya na Januari inagonga mlango.

Angekuwa ameondoa ombi kabla ya uamuzi, tozo ya afya ingerudi yote. Ada ya viza yenyewe hurudi tu ukiondoa ombi kabla ya kutoa alama za vidole.

binti_Pangani
Ndiyo maana vyuo vimekuwa vikali. Serikali inavipima kwa viza zinazokataliwa na kwa watu waliopewa CAS wasiofika. Ukiomba kusogeza baada ya CAS unawaharibia takwimu, na wengine hawakupi nafasi ya pili. Kipepeo, omba sasa hivi, na barua iwe na mambo manne: namba yako ya mwombaji, kozi, tarehe mpya unayotaka, na ombi la kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba amana inahamia kwenye ofa mpya. Uliza pia kama unaruhusiwa kusogeza mara moja tu. Usitume kupitia wakala bila wewe kuwekwa kwenye nakala.

Otieno_Mlolongo
Mawakala wengi watamwambia Januari pia 😂

binti_Pangani
Kwa sababu kamisheni inaingia mapema. Hilo halifanyi Januari kuwa bora.

waya_tatu
Mmesahau ATAS, kibali cha usalama kwa wageni wanaosoma baadhi ya kozi za sayansi na teknolojia. Uhandisi wa umeme unaweza kuhitaji cheti cha ATAS, angalia kama barua ya ofa ina msimbo wa CAH (wa kutambulisha somo) na maelezo yake. Masomo yakisogea zaidi ya miezi mitatu, cheti ulichopata kwa tarehe ya zamani unakiomba upya. Septemba kwenda Januari tayari umezidi. IELTS, mtihani wa Kiingereza, nayo hudumu miaka miwili tangu ufanye mtihani. Umefanya lini?

Na muulize mratibu wa kozi ratiba ya maabara kwa wanaoingia Januari. Kwenye kozi nyingine wanaanza na moduli za muhula wa pili zinazodai umesoma za muhula wa kwanza.

Mkaazi_Bremen
Ujerumani nayo msimdanganye. Barua ya udahili ni ya muhula uliotajwa. Usipokwenda, kwa kawaida unaomba upya na kushindana upya, hakuna kusogeza kwa barua pepe. Kupitia uni-assist, wanaopokea maombi kwa niaba ya vyuo, ni yuro 75 kwa chuo cha kwanza, 30 kwa kila kinachofuata. Vyuo vingi mwisho wa kuomba muhula wa baridi ni 15 Julai, kozi za kimataifa nyingi hufunga mapema zaidi. Akaunti iliyozuiwa, yaani hela ya kujikimu unayoweka kabla ya viza, ni yuro 11,904 kwa mwaka, unatoa 992 kwa mwezi. Ada bure, lakini si kila mahali: Baden-Württemberg wasio wa Umoja wa Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa muhula.

Otieno_Mlolongo
Sasa si hiyo ndiyo dawa yake? Yuro 11,904 dhidi ya pauni elfu thelathini.

Mkaazi_Bremen
Kwa mwaka mmoja. Uzamili huku kwa kawaida ni miaka miwili, na foleni ya miadi ya ubalozi haijali barua yako inasema Oktoba.

mama_Nuru
Naomba kuuliza pembeni. Akisogeza hadi Septemba 2027 anaweza kwenda na mume?

faili_kamili
Uzamili wa kufundishwa hauruhusu wategemezi tangu Januari 2024. Wanaoruhusiwa ni wa uzamili wa utafiti au PhD, au wenye ufadhili wa serikali.

Kipepeo_Mbeya
Asanteni. IELTS nilifanya Machi 2025. Mjomba anauliza, akihamisha hela kutoka Muscat, benki huku itamuuliza nini?

waya_tatu
Machi 2025 maana yake Septemba 2027 itakuwa imekwisha. Uliza chuo kama wanahesabu siku ya ofa au siku ya kuanza.

forodhani_kwetu
Benki itauliza chanzo cha fedha. Atume payslipu zake na barua inayosema ni zawadi, si mkopo. Ila siku 28 hazianzi siku aliyotuma, zinaanza siku salio limefika kamili.