Nyuki wa kuchavusha parachichi na pesheni bila kufuga mzinga, inawezekana? (Tabora mjini)

Mkazi_wa_Ipuli

Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, Ipuli. Nyuma ya nyumba nina parachichi mbili, moja ya mbegu ya kienyeji imeshakuwa mti mkubwa, nyingine ni Hass ya kuunga, halafu nina malimau, na pesheni ya njano imetambaa uzio wote wa upande wa jirani. Shida ni matunda. Ile ya kienyeji mwaka jana ilitoa maua mpaka majani huyaoni, nikasema safari hii watoto watakula mpaka waseme basi, lakini yakapukutika yote nikabaki na matunda 12, niliyahesabu. Pesheni nayo hivyo hivyo, ua linafunguka zuri kabisa, kesho yake limenyauka na kikonyo kiko chini.

Najua mtaniambia weka mzinga. Hapa asali ndiyo kwao, babu yangu alikuwa akitundika mizinga ya magome porini huko Sikonge. Ila nina watoto wadogo na ukuta wa jirani uko hatua nne tu, na nyuki wetu mnawajua wakishachokozwa. Sasa nimeona video ya jamaa wa Marekani ametundika gogo limetobolewa matundu kibao, anasema kuna nyuki wanaojenga kwa udongo, hawana asali, ni wapole, na wanauzwa wakiwa kwenye vifuko vyao anawaweka wachavushe matufaa. Hivi huku wanapatikana? Nikiagiza vitafika vizima?

Mtundika_Mizinga

Mkuu usiagize. Yule nyuki wa kwenye video ni wa nchi za baridi. Anakaa ndani ya kifuko chake miezi yote ya baridi kali na bila hiyo baridi mzunguko wake unavurugika, sasa hapa Tabora baridi hiyo utaitoa wapi? Na kuleta nyuki hai kutoka nje ni kuleta na magonjwa yao, huku tunakotegemea nyuki kiasi hiki ni hatari tupu.

Ila nikuambie kitu, ndugu zake unao hapo hapo kwako. Hujawahi kukuta tundu la msumari ukutani au tundu la kitasa limezibwa na udongo, au na utomvu wa mti, au na vipande vya majani vimekatwa mduara kama kwa mkasi? Hao ni nyuki wa upweke. Kila jike anajenga peke yake, hana malkia wala askari, anaweka donge la chavua (ule unga wa maua), anataga yai moja, anajenga ukuta, anaanza chumba kingine. Kwa kuwa hana asali ya kulinda hana sababu ya kukukimbiza, labda umbane mkononi. Na chavua anaibeba kavu chini ya tumbo, hailowanishi kama nyuki wa asali anavyofanya miguuni, kwa hiyo kila ua analotua anamwaga unga.

Tengeneza hivi. Tafuta gogo kavu la mti mgumu usiopakwa rangi wala dawa, toboa kwa drili matundu ya milimita 4 mpaka 10, changanya saizi maana nyuki wetu ni wa maumbo mengi, na kina kifike sentimita 15 bila kutokea upande wa pili. Kina kina maana yake, jike anataga mayai ya majike ndani kabisa na ya madume karibu na mlango, sasa tundu likiwa fupi utajaza madume ambao hawakusanyi chavua ya kulisha watoto. Kama huna drili kata matete au mianzi myembamba, kila kipande kiwe na fundo nyuma, yafunge fungu yabane. Plastiki usitumie, inatoa jasho watoto wanaota ukungu. Funga chini ya paa urefu wa kifua au kichwa, lisibembee, mdomo uangalie mashariki lipate jua la asubuhi lisipate la saa tisa. Paka grisi kwenye waya au nguzo, sisimizi wakipata njia umeumia.

Halafu udongo. Kiangazi chetu unakijua, kila kitu kinakuwa jiwe. Acha sehemu ndogo ya udongo wa mfinyanzi karibu na bomba iwe mbichi, maji yasiwe ya sabuni.

fundi_kenchi

Samahani nje ya mada kidogo, hawa wenye kutoboa mbao mnawasifia? Yale manyuki meusi makubwa yanayovuma kama pikipiki yametoboa kenchi zangu za banda la kuku mpaka unga unadondoka chini. Mimi nayachoma.

Mama_Pesheni_Urambo

Kaka fundi hao usiwachome tafadhali, nakuomba kabisa. Hao ndio nyuki wa pesheni. Mimi nina pesheni kama mistari miwili mitatu hivi na nimekaa nikatazama, nyuki wa asali anaingia kwenye ua anachota unga anaondoka hajagusa zile rungu tatu za juu ambazo ndizo zinapokea, mwili wake mdogo. Lile jeusi likiingia mgongo unasugua kila kitu, linatoka limejaa njano. Mbao halili, linachimba tu pa kuweka watoto, na linapenda mbao laini kavu isiyopakwa kitu. Kwa hiyo wewe paka kenchi zako rangi, ziba matundu wakishatoka, halafu wawekee gogo bovu au mianzi minene kavu pembeni. Mimi niliegemeza magogo ya mwembe uliokauka kwenye uzio na mwaka uliofuata walihamia.

Na wewe wa Ipuli, umesema yako ni ya njano. Ya njano haikubali unga wake yenyewe, inataka unga wa mche mwingine usio ndugu, na kukata kijiti mche ule ule ukaotesha haikusaidii, hiyo ni ile ile. Panda mwingine wa mbegu tofauti. Ua la njano linafunguka kama saa sita mchana, wakati unasubiri nyuki chukua kipamba pitisha unga kwa mkono, dakika kumi umemaliza uzio mzima.

Parachichi_Mbili

Hapa naona watu wanampa nyuki kazi ambayo maua hayajampa nafasi. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, siku ya kwanza likiwa jike, linafunga, siku ya pili linafunguka dume. Hass ni kundi A, asubuhi jike, kesho yake mchana dume. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, ni kundi B, yenyewe jike mchana, dume asubuhi ya kesho. Ukiwa na kundi moja tu nyuki anafika asubuhi anakuta majike matupu. Wa kienyeji hujui ni kundi gani, kwa hiyo ukiingia msimu wa maua angalia saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, vile vijiti vidogo vyenye unga vikiwa vimelala na cha katikati kimesimama hilo ni jike, vikiwa vimesimama ni dume.

Na 12 ni kidogo kweli lakini usitegemee kila ua liwe tunda. Mti mkubwa unaweza kutoa maua hata milioni moja na yanayokuwa matunda hayafiki hata moja kwa mia.

Mkazi_wa_Ipuli

Asanteni sana, nimerudi baada ya wiki tatu. Kienyeji imeanza maua, nimeamka nikaangalia siku nne, asubuhi ni dume na alasiri jike, kwa hiyo na Hass zinapishana vizuri, Hass ndiyo bado ndogo ina vishada vichache. Fungu la matete nimetundika, matundu matano yameshazibwa kwa udongo na moja kwa majani! Ila kuna na kitu kimebandika udongo kama chungu ukutani pembeni, ni wao?

Swali la mwisho, jirani anapiga dawa nyanya zake kila wiki, nimwambie nini?

Mtundika_Mizinga

Hicho chungu ni dondora mkuu, si nyuki. Ukikivunja utakuta viwavi au buibui, cha nyuki utakuta unga wa njano. Muache, anakulia viwavi.

Jirani nenda kwake usiku mmoja ukae naye vizuri. Muombe apige jua likishazama, nyuki wamelala, na siku upepo unaelekea kwako asipige. Na asichague dawa kwa kusikia tu kwamba ya tumbaku inaua vizuri, aiulize dukani kama ni kali kwa nyuki. Wewe mwenyewe kwenye maua usipige kitu. Halafu kona moja ya uwanja acha kuifagia na usiimwagie zege, kuna nyuki wengine wanachimba chini, vile vitundu kama vya penseli kwenye udongo mkavu ni vyao. Matete yakishatoka watoto yachome uweke mapya, ya zamani yanajaza utitiri.