Jioni ya ufunguzi pale Soweto, Mbeya: gumzo la ukoo, Jumamosi asubuhi

Baba Mkubwa (Tukuyu): Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeamka nikakuta kwenye simu picha ya binti yetu Atupele amesimama kando ya bajaji, kichwani ana nywele za buluu na kifuani amevaa kitu kinachofanana na bati la banda la kuku. Sina ugomvi na mtu, ila ningependa kuelezwa, kwa sentensi kamili kama ilivyo desturi ya kundi hili, jana jioni kulikuwa na nini pale Soweto.

Mama Atupele: Shikamoo, shemeji. Mimi nilipewa taarifa wiki mbili zilizopita na nikatoa ruhusa kwa sharti kwamba aende na Lusajo na arudi kabla ya saa nne usiku. Alirudi saa nne kasoro dakika tano, miguu imejaa vumbi na sauti imekauka kwa kuongea.

Atupele: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamooni nyote. Ilikuwa jioni ya ufunguzi wa kongamano la mashabiki wa katuni, ambalo linaendelea leo na kesho katika ukumbi wa kukodi. Tulikwenda wanne: mimi, Lusajo na rafiki zangu wawili wa chuoni. Hilo bati si bati, ni mkeka wa sponji, ile ya rangi rangi wanayolazwa watoto wachanga. Niliununua Mwanjelwa, nikaukata kwa kisu, kisha nikaupitishia pasi ya mkaa kwa mbali hadi ukalainika, nikaukunja juu ya sufuria ili upate umbo la kifua. Baada ya hapo nikaupaka gundi nyeupe ya maseremala mara tatu, kwa sababu sponji isipozibwa hunywa rangi yote, ndipo nikapuliza rangi ya fedha.

Shangazi Tumpe (Iringa): Na joho la ndani nimelishona mimi, nikalituma kwa basi siku ya Jumanne. Nasema mapema ili kama kuna lawama nipate fungu langu.

Baba Mkubwa: Marahaba, wanangu. Fungu lako lipo, Tumpe, limehifadhiwa. Mtu mzima anavaa hivyo kwa sababu gani?

Atupele: Wenyewe tunaita kosplei, yaani kuvaa kama mhusika unayempenda. Mimi nilikuwa askari wa katuni moja ya Kijapani. Nakiri, Baba Mkubwa, kwamba nilipokuwa kwenye bajaji kutoka Uyole, na dereva ananitazama kwenye kioo kila baada ya dakika, nilijiona mjinga kuliko watu wote wa Mbeya. Aibu ile iliisha nilipofika kwenye foleni na kukuta wengine kama sitini wamevaa hivyo hivyo, kila mmoja anatetemeka kwa baridi ya Julai na hakuna aliye tayari kuvaa sweta juu ya vazi lake.

Mama Atupele: Sweta lilikuwa kwenye mkoba. Nililiweka mwenyewe na lilirudi limekunjwa vilevile.

Atupele: Samahani, mama. Geti lilikuwa lifunguliwe saa kumi na moja, likafunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Nilipokuwa nashuka kwenye bajaji bega la kushoto lilikuwa limebanduka, kwa kuwa gundi ya viatu haikaukii vizuri penye baridi na mimi nilikuwa nimeibandika saa sita usiku wa kuamkia jana. Nilitaka kulia. Kijana mmoja nisiyemjua, aliyekuwa nyuma yangu, akafungua kopo la biskuti lenye sindano, uzi wa viatu, pini na gundi, akanishonea bega palepale kwenye foleni huku akinieleza kwamba hubeba kopo hilo kila mara kwa sababu mwaka jana lilimpata la kwake na hakuna aliyemsaidia.

Shangazi Tumpe: Alishona kwa mshono gani?

Atupele: Wa msalaba, shangazi, na bado umeshika.

Shangazi Tumpe: Huyo amefundishwa na mtu.

Mama Atupele: Mimi lililonitia hofu ni hizo picha. Binti anavaa vazi la kuonyesha, kila mwenye simu anamsogelea.

Atupele: Hilo lilisemwa getini kabla hata hatujafungwa bangili za karatasi mkononi: hakuna kumpiga mtu picha wala kugusa vazi lake bila kumwomba, na atakayekiuka anatolewa nje. Upanga wangu wa mbao ulikaguliwa, ukafungwa utepe mwekundu pale kwenye mpini ili askari wa ndani wajue kwamba umeshapimwa na kwamba siruhusiwi kuuchomoa. Waliotaka picha waliomba, na mmoja nilimkatalia, akaondoka bila neno.

Baba Mkubwa: Utaratibu huo ni mzuri kuliko wa harusi zetu. Lakini jambo lenyewe limetoka wapi? Nisije nikaambiwa kwamba ni desturi ya Mbeya.

Lusajo: Shikamoo baba. Nimetoka kufungua duka la vipuri sasa hivi, ndiyo maana nilikuwa kimya. Wapenzi wa hadithi za kisayansi walifanya kongamano lao la kwanza la dunia New York, mwezi Julai mwaka 1939, wakafika kama watu mia mbili tu. Kati yao wawili walikuja wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, na mavazi yote mawili aliyabuni na kuyashona huyo Myrtle. Lile kubwa la San Diego, ambalo siku hizi hupokea watu zaidi ya laki moja, lilianza mwaka 1970 hotelini na watu wapatao mia tatu. Sisi jana hatukuwa mbali nao sana.

Shangazi Tumpe: Ngoja kwanza. Kwa hiyo jambo lote hili lilianzishwa na mwanamke mwenye sindano, na anayetajwa kwanza ni mwanamume aliyevalishwa?

Lusajo: Ndivyo ilivyo, shangazi, na mimi nimerudia kosa lile lile sasa hivi.

Shangazi Tumpe: Nimekusamehe. Endelea.

Lusajo: Mimi binafsi sikwenda kuvaa, nilikwenda kuweka meza. Japani wana soko la Tokyo liitwalo Comiket, lililoanza Desemba 1975 kwa vikundi thelathini na viwili vya watu waliochora na kuchapa vitabu vyao wenyewe. Tangu niliposoma habari hiyo nimekuwa nikichora usiku, baada ya kufunga duka, miaka mitatu sasa, kijitabu cha katuni kuhusu vita vya Lugalo, kule Iringa, Wahehe walipowashinda Wajerumani. Nimetoa nakala arobaini pale steshenari, nikazibana pini mwenyewe, na jana niliuza kumi na moja kwa shilingi elfu mbili kila moja.

Baba Mkubwa: Lugalo? Miaka mitatu unachora Lugalo, na mimi niliyefundisha historia miaka thelathini na minne niko hapa Tukuyu napalilia migomba?

Lusajo: Niliogopa, baba. Ulikuwa unawanyang'anya wanafunzi magazeti ya katuni.

Baba Mkubwa: Niliwanyang'anya, ni kweli. Nikayasomea ofisini kwa walimu, na Lodi Lofa alinichekesha hadi mwalimu mkuu akaja kuuliza kulikoni. Hilo libaki humu ndani. Sasa niambie: tarehe uliyoandika ni ipi?

Lusajo: Tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe nimewapa mikuki, na bunduki chache tu.

Baba Mkubwa: Sawasawa. Na kamanda wa Wajerumani, yule Zelewski?

Lusajo: Hapo ndipo penye jambo. Jioni ya ufunguzi wanunuzi ni wachache, wenye meza wengine bado wanatandika vitambaa, kwa hiyo mtu akisimama mezani kwako anasoma kweli. Akaja mzee mmoja kutoka Kalenga, kule Iringa, amemleta mjukuu wake aliyevaa kinyago cha mbweha. Alisoma kurasa zote kumi na sita amesimama, miwani ameishusha hadi puani, akarudi ukurasa wa tisa, akauliza: "Huyu farasi ametoka wapi?" Nikamjibu kwamba ni wa kamanda. Akasema kwamba kwa masimulizi aliyoyasikia yeye, Mjerumani yule alikuwa amepanda punda.

Baba Mkubwa: Punda. Hata mimi nilifundisha hivyo. Nikiwapeleka wanafunzi Kalenga kuona lile fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, hapo kwenye punda ndipo walipokuwa wanaamka.

Lusajo: Alinunua nakala mbili hata hivyo. Tulizungumza karibu saa nzima, hotuba ya ufunguzi ikatupita, na sijutii. Miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kunikosoa ukurasa wa tisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufikia.

Atupele: Nashuhudia. Sisi tulikuwa tunashangilia shindano la maswali, tukigeuka tunamwona Lusajo ameinama juu ya meza na yule mzee, mjukuu kinyago amekivua na amelala kwenye kiti.

Mama Atupele: Kwa hiyo nakala zilizobaki utazitupa?

Lusajo: Hapana, mama mdogo. Zimebaki ishirini na tisa. Usiku wa manane nilichukua kalamu ya wino nikaanza kumrefusha masikio, nakala moja moja. Nimefika ya kumi na nane. Mkia bado ni wa farasi, ila kwa mbali anapita.

Baba Mkubwa: Usiuguse mkia kwa haraka. Mkia wa punda una kishungi mwishoni tu, si nywele tangu juu. Kesho napanda Kosta ya kwanza kutoka hapa, nitakuchorea mfano. Mlango unafunguliwa saa ngapi, na mzee mwenye miaka sabini na moja analipa kiingilio kamili?

Atupele: Saa nne asubuhi, Baba Mkubwa. Wazee wanaingia kwa nusu, na atakayekuja amevaa mhusika anaingia bure.

Shangazi Tumpe: Kaka, vipimo vya mabega yako bado ninavyo tangu harusi ya Neema. Sema neno moja tu, nikae kwenye cherehani sasa hivi.

Baba Mkubwa: Nitalipa nusu.