Konokono mdogo mweupe wa Jambiani: gamba tu linatosha kumpa jina jipya?

Mpekua_Mchanga:

Assalaam alaykum wadau. Natembeza wageni miambani huku Jambiani, Unguja, na maji ya bamvua yakipwa huwa nachota mchanga kidogo chini ya majani ya bahari, nauosha, nauanika, kisha naupekua kwa lenzi ya mkono. Kuna konokono ananikosesha usingizi. Hafiki milimita 4. Gamba jeupe, laini, linang'aa, kilele butu, mdomo mwembamba unaoshuka karibu urefu wa gamba zima, na ndani ya mdomo, upande wa nguzo (mhimili wa katikati ya gamba), kuna mikunjo minne. Baadhi wana mkanda wa kahawia hafifu katikati, wengine hawana. Nimepekua picha mtandaoni mpaka macho yakauma, sioni anayefanana naye. Magamba ninayo ya kutosha, nimeyahifadhi kwenye viberiti. Aliye hai sijamwona. Je, anaweza kutangazwa spishi mpya kwa gamba peke yake? Jina nishalipata, la marehemu bibi yangu.

Nahodha_Mkavu:

Hongera mkuu. Mrushe Facebook na hilo jina la bibi, kesho dunia nzima inamjua. Halafu utuambie kama kuna hela humo.

Bi_Magamba:

Waalaykum salaam mwanangu. Hela hamna, Nahodha akalale.

Kabla hujasoma zaidi, yatoe hayo magamba kwenye viberiti. Mbao na kadibodi hutoa mvuke wa asidi, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu gamba huota unga mweupe unaonuka siki, mpaka ile nakshi uliyotaka kuisoma inalika. Mwingereza Loftus Byne alieleza balaa hilo mwaka 1899 akadhani ni bakteria. Kumbe kabati lenyewe ndilo mchawi. Tia kwenye vichupa vya kioo, kila kimoja na kikaratasi chake cha penseli: mahali, tarehe, kina, mchanga au majani.

Sasa swali lako. Inaruhusiwa. Tangu Linnaeus, yule Mswidi wa majina ya kisayansi, mwaka 1758, konokono wengi wa baharini wamepewa majina kwa magamba matupu, na kwa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hata gamba moja linatosha. Kule Koumac, Kaledonia Mpya, watafiti walikusanya spishi 2,738 za moluska (konokono, chaza na jamaa zao) eneo moja, na karibu moja katika kila tano ilipatikana kwa kielelezo kimoja tu. Mngesema msubiri wa pili, mngezeeka.

Ila gamba linaweza kukupiga chenga. Watazame konokono wanaokwea mikoko. Wengi wao zamani waliitwa Littorina scabra tu, maana rangi na michirizi ya magamba yao haishikiki. Mwaka 1986 mtafiti wa konokono David Reid akachapisha kazi aliyowafungua ndani, hasa kwa umbo la uume wa dume, ikaonekana ni spishi nyingi. Pwani yetu peke yake wamo, kwa jina lao la sasa, Littoraria scabra, pallescens, intermedia na subvittata, tena mti mmoja unaweza kubeba zaidi ya mmoja.

Wako, kwa maneno uliyoandika, ni wa ukoo wa Marginellidae, na ile mikunjo minne inanipeleka kwenye jenasi ya Volvarina, kundi dogo ndani ya ukoo huo. Zaidi ya hapo sikupi bila picha. Hicho kilele butu ndicho kinachonifanya nisikucheke. Ncha ya gamba ni lile gamba la utotoni, halipotei. Likiwa jembamba lenye mizunguko mingi, mtoto aliogelea majini siku nyingi na mikondo ikamsambaza. Huyo kamtafute kwanza Mauritius, India, mpaka Ufilipino, huenda ana jina miaka mingi. Likiwa nene, butu, lenye mzunguko mmoja na kitu, mtoto alitoka yaini akitambaa. Ukoo huu ndivyo ulivyo. Haogelei, hafiki mbali, kwa hiyo kisiwa kimoja kinaweza kuwa na wake.

Angalia pia mdomo wa nje. Kama ukingo ni mwembamba na mkali, huyo bado mtoto, mweke kando. Pima walionenepa ukingo tu: urefu, upana, na urefu wa mdomo ukilinganisha na gamba zima. Mtu akichanganya watoto na wakubwa hupata "spishi" mbili asubuhi moja.

Na hilo jina la bibi usilitaje hapa wala Facebook. Jina husimama kwenye chapisho rasmi lenye maelezo ya kumtofautisha na jamaa zake wa karibu. Likiwa la mtandaoni, tangu 2012 lazima liwe limeandikishwa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Na tangu mwaka 2000 ni lazima utaje waziwazi kielelezo kikuu, kwa kawaida gamba moja, na useme litakaa kwenye mkusanyo gani. Bibi ni mwanamke, jina litaishia -ae.

Mpekua_Mchanga:

Shikamoo Bi Magamba. Viberiti nimevitupa, na kweli kimoja kilishaanza kunuka siki. Waliokomaa wapo, ukingo umenenepa kabisa. Ila mkanda bado unanichanganya: wenye nao na wasio nao wametoka mchanga ule ule.

Mkaazi_wa_Kunduchi:

Angalizo kwa wengine watakaosoma hapa wakatamani: visiwa vya Mbudya na Bongoyo huku Dar es Salaam ni hifadhi za bahari, magamba hayaokotwi. Kwa utafiti uliza kibali kwanza. Kwa Unguja, anzia Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Buyu.

Bi_Magamba:

Marahaba. Gamba likilala mchangani na juani rangi hufifia, mkanda ukiwa wa kwanza kuondoka. Wagawe kwa ung'avu kwanza: kama wasio na mkanda wote wamechujuka, huna spishi mbili. Kama wamo wanaong'aa bila mkanda, hapo kuna swali.

Buyu nenda, waombe hadubini, maana lenzi ya mkono haitakuhesabia mizunguko ya ncha. Kisha mtafute aliye hai. Wa ukoo huu akitembea, nyama yake laini hupanda ikafunika gamba, na madoa ya nyama ile mara nyingi hutenganisha spishi ambazo magamba yao ni meupe matupu. Wengi hutoka usiku, kwa hiyo chukua tochi, na mwenzako wa kuangalia maji. Mpige picha akitambaa kwenye sahani ya maji ya bahari. Baadaye mlegeze kwa magnesi kloridi ndipo umtie spiriti ya asilimia 95. Ukimtia ghafla atajikunja ndani usione kitu. Formalini usiiguse. Inaharibu DNA, na ikichacha inakula gamba.