Jina Tabitha katika Matendo 9: maana yake ni nini, na lina uzito gani katika habari yenyewe?

Swali: Mwalimu wa Jumapili

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Ninaandaa somo kwa ajili ya akina mama kuhusu Matendo ya Mitume 9:36–42, yaani habari ya mwanafunzi wa Yafa aliyefufuliwa kwa maombi ya Petro. Biblia inasema jina lake ni Tabitha, na kwamba tafsiri yake ni Dorkasi, yaani paa. Hata hivyo nimekutana na maelezo yanayodai kwamba Tabitha maana yake ni "mwema", kwa kuwa alijaa matendo mema na sadaka. Je, dai hilo lina msingi? Na kwa nini Luka, mwandishi wa Matendo, ametupatia majina mawili ya mtu mmoja?

Jibu: Mpenda Lugha za Kale

Dai hilo halina msingi. Neno la Kiaramu linalomaanisha "-ema" linafanana na jina hili katika herufi zake za mwanzo, na bila shaka ndipo mkanganyiko ulipoanzia, lakini Tabitha limetokana na neno la Kiaramu *tabya*, yaani paa, mnyama wa jamii ya swala, na hapa liko katika umbo la kike. Mahali ambapo Kiaramu kina sauti ya *t* katika neno hili, Kiebrania kina sauti inayokaribia *ts*, ndiyo maana mama yake mfalme Yoashi, aliyetoka Beer-sheba, anaitwa Sibia katika 2 Wafalme 12:1. Hilo ni jina lile lile kwa Kiebrania. Kiarabu nacho kina neno la asili hiyo hiyo, nalo ndilo tunalolisikia kila siku katika jina la mji wa Abu Dhabi. Dorkasi ni Kigiriki, na maana yake pia ni paa. Kwa hiyo Luka hakumpa mama huyu sifa mpya, bali aliwafasiria wasomaji wake wa Kigiriki jina ambalo wasingeweza kulielewa.

Jibu: Msomaji wa Matendo

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila naomba tuzitazame kwa makini aya ya 39 na ya 40, kwa sababu hapo ndipo jina hili linapokuwa na uzito. Luka anaposimulia jinsi wajane walivyosimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo, anasema ni zile alizozifanya Dorkasi. Lakini Petro, baada ya kuwatoa wote nje, kupiga magoti na kuomba, anaielekea maiti na kusema, "Tabitha, inuka." Msimulizi anatumia jina la Kigiriki, mtume anamwita kwa Kiaramu, lugha aliyokua nayo yeye mwenyewe huko Galilaya. Sasa rudini Marko 5:41, nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa amekufa, ambako Yesu naye aliwatoa watu nje kisha akamwambia binti, "Talitha, kumi", yaani, "Msichana, inuka." Petro alikuwa mmoja wa wanafunzi watatu walioruhusiwa kuingia. Kama alisema kwa Kiaramu, maneno yake yalikuwa "Tabitha, kumi", tofauti ya herufi moja tu na yale aliyoyasikia kinywani mwa Bwana wake. Kwangu mimi hili ni jambo la ajabu na la kutia moyo sana.

Jibu: Mpenda Lugha za Kale

Ukaribu huo wa sauti ni wa kweli, hata ziko hati chache za kale za Marko ambamo wanakili wameandika "tabitha" mahali pa "talitha". Lakini tuwe waangalifu tunapofundisha. Talitha ni neno la kawaida la kumwita msichana, na Tabitha ni jina la mtu. Hayana maana moja. Tena Luka mwenyewe, alipoandika habari ya binti Yairo katika Injili yake (8:54), aliyaacha maneno ya Kiaramu na kuandika Kigiriki peke yake. Kwa hiyo mwangwi huu unasikika kwa anayemsoma Marko pamoja na Matendo, wala hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba Luka aliukusudia.

Mwalimu wa Jumapili

Nawashukuru sana. Je, basi nisiwaambie akina mama kwamba jina la paa lilitabiri tabia yake?

Jibu: Msomaji wa Matendo

Usiseme hivyo, mwalimu. Paa katika Maandiko husifiwa kwa wepesi wa miguu, kama Asaheli anavyofananishwa naye katika 2 Samweli 2:18, na kwa uzuri, kama katika Wimbo Ulio Bora. Hakuna mahali anapohusishwa na sadaka. Luka anapotaka kumsifu mama huyu hategemei jina, bali anataja matendo yake, na anamwita mwanafunzi kwa neno la kike la Kigiriki ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Ningekushauri utumie muda mwingi zaidi hapo, na kwenye zile kanzu ambazo wajane walimwonyesha Petro.